Dodoso la Intaneti Mtaani Kwetu: Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara

Tangu mkutano wa mtaa upitishe kwamba tupite nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya intaneti, maswali hayajakatika. Mengine yanakuja kwenye grupu la WhatsApp, mengine dukani, mengine mlangoni kabisa, mdodosaji akiwa hata kiti hajakaribishwa. Tumeyakusanya hapa. Tumeyajibu tukiufikiria mtaa wetu, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, lakini kamati ya mtaa au kijiji kingine ikitaka kuyachukua na kuyarekebisha, ruksa.

Kwani TCRA hawana takwimu zote hizo? Mnauliza ya nini tena?

Hao wa Mamlaka ya Mawasiliano wanazo, na wanazitoa kila robo mwaka. Tatizo ni kwamba zinahesabu laini, na mtu mmoja hapa mtaani ana laini mbili au tatu: moja ya bando, moja ya miamala, nyingine ya kupokelea simu za nyumbani kijijini. Ukijumlisha laini hujui nyumba iliyo nyuma ya msikiti ina hali gani.

Ramani za mitandao ya simu nazo zinapaka rangi eneo lote ambalo mnara unatarajiwa kulifikia. Ramani haijui kwamba umejenga bondeni, wala kwamba nyumba yako imeezekwa bati na madirisha yana grili, ukiingia ndani vistari vinne vinabaki kimoja. Haijui pia kwamba ikifika saa mbili usiku, watu wamerudi kazini, mnara uleule unagombaniwa na kila mwenye simu.

Na hapo ndipo penye kiini cha kazi hii. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni jambo jema, ila linalenga maeneo ambayo huduma haipo au ni hafifu. Sisi kwenye makaratasi tumeshafikiwa. Mtaa ambao kwenye karatasi umefikiwa, huku watu wake wanapanda juu ya mnara wa tenki kutafuta mtandao, hauingii kwenye orodha ya mtu yeyote mpaka ulete ushahidi wake wenyewe.

Mnaposema intaneti ya kasi, kasi ya kiasi gani?

Kila nchi ina kipimo chake, na vipimo vinabadilika. Marekani mwaka 2015 walisema ni Mbps (megabiti kwa sekunde) 25 za kupakua na 3 za kupakia. Machi 2024 wakapandisha hadi 100 na 20. Tukichukua kipimo hicho, karibu mtaa mzima tutaandika sifuri na tutakuwa hatujajifunza chochote.

Kwa hiyo tunauliza kazi. Je, unaweza kupiga simu ya video kwa dakika kumi bila sura kuganda? Mtoto anaweza kufungua somo la video bila kusubiri? Ukituma faili la kurasa ishirini linakwenda kwa mara moja au unarudia? Namba tunachukua pia, lakini majibu ya kazi ndiyo yanayosomeka na kila mtu, diwani akiwemo.

Jambo moja linawachanganya wengi: Mbps si MB. Megabiti nane ndizo zinazotengeneza megabaiti moja, hivyo laini ya Mbps 10 ikiwa katika hali yake nzuri kabisa inashusha MB 1.25 kwa sekunde. Video ya MB 100 itachukua kama sekunde themanini. Ukiuziwa "spidi ya 10" ukadhani ni MB 10 kwa sekunde, hujaibiwa, ila hakuna aliyekufafanulia.

Halafu kuna kupakia. Matangazo mengi yanataja kasi ya kushusha tu, maana ndiyo namba kubwa. Fundi cherehani anayetuma picha za nguo kwa wateja, au mwalimu anayefundisha kwa video, anaumia upande wa pili.

Mimi sina intaneti kabisa. Niwaambie nini sasa? Si mniache tu.

Hapana, mama. Hatukuachi. Wewe ndiye tunayekutafuta kuliko wote.

Mwenye faiba (intaneti ya waya) nyumbani akikosa kuhojiwa, dodoso halijapoteza kitu kikubwa. Wenzake wapo na majibu yao yanafanana. Asiye na kitu akirukwa, matokeo yanapendeza kwa uongo. Mtaa unaonekana uko vizuri kwa sababu wasio na mtandao hawakuulizwa.

Tena "sina intaneti" ina sura nyingi. Yupo asiye na simu janja. Yupo mwenye simu janja ambayo kioo kimepasuka, anaishika binti yake. Yupo mwenye simu nzima lakini bando hununua akipata, siku tatu kwa wiki hewani, nne hayupo. Yupo ambaye mtandao haushiki ndani kwake. Na wapo, si wachache, wanaojibu kwamba hawatumii intaneti huku wakiwa WhatsApp tangu asubuhi, kwa kuwa kwao intaneti ni kule kwenye kompyuta za steshenari. Kila mmoja hapo ana dawa yake tofauti. Mnara mpya haumsaidii asiye na simu, na simu ya mkopo haimsaidii aliye bondeni. Ndiyo maana wadodosaji wetu wamekatazwa kuuliza "Je, una intaneti, ndiyo au hapana?" Wanauliza jana ulifanya nini na simu.

Maswali yenyewe ni yapi?

Hayazidi robo saa. Tunaanza na watu wa kaya: wangapi, wa umri gani, nani ana simu yake mwenyewe na nani anaazima. Hili la kuazima tunalisisitiza kwa sababu ukimuuliza baba peke yake atakwambia nyumba ina simu nne na mtandao upo. Mke na dada wa kazi wakiulizwa, simu nne zinakuwa mbili na moja haina chaji. Kwa hiyo tunaomba kuongea na zaidi ya mtu mmoja, na baba asichukie.

Kisha tunauliza matumizi ya fedha, kwa wiki, si kwa mwezi. Hapa watu wananunua bando la siku na la wiki, na mtu akiulizwa mwezi anabuni. Hesabu ya mwezi tutaifanya wenyewe. Ni muhimu, kwani mwaka 2018 Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Na anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa GB moja kwa bei kubwa kuliko anayelipia mwezi mzima kwa mkupuo.

Swali ambalo binafsi nalipenda kuliko yote ni la steshenari. Tunauliza: mwezi uliopita, mmelipa mara ngapi mtu awafanyie jambo mtandaoni? Kuomba mkopo wa chuo, kujaza maombi ya ajira, kuchapisha namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kuangalia matokeo ya mtihani. Kila safari ina nauli yake na fedha ya steshenari, na kuna nywila yako inayobaki kwenye kompyuta ya mtu. Hiyo ni gharama ya intaneti ambayo haionekani kwenye takwimu yoyote ya laini, na ukiijumlisha kwa familia yenye wanafunzi wawili wa kidato cha sita utashangaa.

Mwisho tunauliza kama ungelipia huduma ya nyumbani, na tunataja bei. Bila bei kila mtu husema ndiyo.

Kupima spidi kutamaliza bando langu?

Hofu hii ina msingi. Kipimo kinapakua data kwa nguvu kwa sekunde kama kumi. Kwenye laini ya Mbps 20 hizo tu ni MB 25, bado kupakia. Kwa mwenye bando la MB 200 huo ni mkasa.

Tunapima kwa simu na laini za kamati. Mdodosaji anakuja na simu yenye laini za mitandao tofauti, anapima sebuleni mnapokaa, kisha anatoka anapima uani. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni habari kubwa: ikiwa uani unapata 12 na sebuleni 1.5, tatizo ni ukuta na bati, si mnara, na pengine antena ya nje inatosha. Ikiwa pote ni 1.5, hilo ni la kampuni.

Tunaomba pia kurudi usiku, kati ya saa mbili na saa tano, kwa kaya chache zitakazokubali. Kipimo cha saa nne asubuhi kinadanganya. Mwenye waifai ya nyumbani tunamwomba apime akiwa karibu na ruta, na wengine nyumbani wasitazame video kwa dakika mbili hizo. Watoto hawapendi, tunajua.

Mbona mmeingia kwa jirani mkanipita?

Kwa sababu ya hesabu, si kwa sababu ya itikadi wala undugu. Chukua mfano wa mtaa wenye kaya 1,200. Kupata picha yenye ukingo wa makosa wa asilimia 5 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, unahitaji kaya kama 291. Kwa hiyo unachukua kila kaya ya nne, zinakuwa 300. Nyumba ya kuanzia inapatikana kwa kuokota karatasi kwenye kofia mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wajumbe.

Kaya iliyochaguliwa isipokuwa na mtu, tunarudi, ikiwemo jioni na Jumapili. Haturuki kwenda nyumba ya pili yenye mlango wazi. Ukifanya hivyo unajikuta umehoji walioshinda nyumbani tu, na mwendesha bodaboda, mama lishe na mlinzi wa zamu, ambao simu ndiyo ofisi yao, wote hawamo.

Usipochaguliwa unaruhusiwa kusema yako. Ipo karatasi ya maoni kwa mjumbe wa shina. Tutaisoma, ila haiingii kwenye asilimia.

Si mngetuma linki kwenye grupu tukajaza wenyewe?

Tungepata majibu ya wenye bando.

Wadodosaji wanajaza kwenye simu kwa KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ambayo inafanya kazi bila mtandao. Majibu yanahifadhiwa kwenye simu na kutumwa baadaye pakipatikana mtandao. Kwenye mtaa kama huu, programu inayohitaji mtandao ili kuuliza kuhusu mtandao isingefika nyumba ya tatu.

Nitajuaje kwamba aliyekuja si tapeli?

Swali la maana sana, maana wale wa "ile pesa itume kwenye namba hii" hawajachoka. Mdodosaji wetu anatoka mtaa huuhuu, anaongozana na mjumbe au ana barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na jina lake limebandikwa ofisini.

Hataomba namba ya NIDA. Hataomba alama ya kidole, namba ya siri, wala kushika simu yako "akusaidie kuweka mipangilio". Akiomba kimojawapo, mfukuze na utujulishe. Na maadam tumegusa hilo, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040.

Majibu yangu yatafika kwa nani?

Jina hatuandiki. Kaya inapewa namba, na eneo linaandikwa kwa shina, si kwa nyumba, kwa sababu orodha inayosema nyumba ipi ina kompyuta tatu ni zawadi kwa mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aseme anazikusanyia nini na asizitumie kwa jingine. Tunazikusanya ili tujue hali ya intaneti ya mtaa. Hatuziuzi, na muuzaji wa vifurushi akija kutuomba namba za simu hatuna za kumpa. Unaweza kukataa swali lolote, au dodoso zima, na mjumbe hatakununia. Akikununia tuambie.

Mimi ni mpangaji. Si mumuulize mwenye nyumba?

Tunakuuliza wewe unayeishi humo. Mwenye nyumba anaweza kuwa anakaa Mbeya. Yeye tunamtafuta kwa jambo moja: kama anaruhusu waya uingie na ukuta utobolewe. Nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja na chumba chake, ni kaya sita, na mara nyingi ndiyo nyumba ambayo huduma moja ya waifai ingegawanwa kwa bei nafuu kama tu mwenye nyumba angekubali.

Faiba imepita barabarani kwetu, tumeona wakichimba. Mbona hawaingizi majumbani?

Waya uliopita unaweza kuwa ni wa njia kuu tu, unaounganisha minara au unakwenda mtaa wa mbele. Ili uingie majumbani, kampuni inaweka visanduku vya kugawia. Kwa mfumo wa faiba uitwao GPON unaotumika sana, mlango mmoja wa mtambo wa kampuni una takriban Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) za kushusha, na unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kabla ya kuweka fedha, kampuni inahesabu: kati ya hizo 64, ngapi zitalipa kila mwezi bila kusukumwa? Pia kuna kibali cha kupitisha waya kando ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ada zake.

Hapo ndipo jibu lako la bei lina uzito. Shina lenye kaya arobaini zinazotumia kila wiki kiasi kinachokaribia ada ya faiba ni hoja ambayo mtu wa mauzo anaielewa bila kubembelezwa. Ila usitaje bei ya kutufurahisha. Kampuni ikija ikakuta uliyesema utalipa hulipi, haitarudi, na mtaa wa pili wataponzwa na sisi.

Kuna kampuni iliyowalipa?

Hakuna. Bando za kupimia na nauli zimetoka kwenye mchango uliotangazwa mkutanoni, na risiti ziko kwa mweka hazina. Kampuni moja ilijitolea kutugharamia fulana zenye nembo yake. Tulishukuru na tukakataa. Mdodosaji mwenye fulana ya kampuni akikuuliza unatumia mtandao gani, hata wewe utajibu kwa adabu.

Mtandao ukikatika nchi nzima, dodoso linasaidia nini?

Halisaidii kitu, na ni vizuri kutenganisha mambo hayo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika zikiwa upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Hilo si la mnara wetu. Tunawaomba wanaohojiwa wazungumzie wiki ya kawaida, na kukitokea hitilafu kubwa ya namna hiyo katikati ya kazi tutasimamisha vipimo hadi itengemae.

Matokeo yakitoka mtayapeleka wapi?

Kwanza kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, yakiwa yamebandikwa ukutani kwa ukubwa wa kusomeka. Waliojibu ndio wa kwanza kuyaona. Kisha kwa diwani na afisa mtendaji wa kata, kwa kampuni zote zinazohudumia eneo hili kwa siku moja ili asiwepo wa kusema alipendelewa mwenzake, na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya watumiaji kama sisi. Nakala nyingine itakwenda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Haya si takwimu rasmi za taifa, hizo zina mamlaka yake, nasi tutaandika hivyo ukurasa wa kwanza: ni majibu ya kaya za mtaa mmoja, yamekusanywa lini, kwa njia gani, na ngapi zilikataa. Idadi ya waliokataa wengi huificha. Sisi tutaiweka.

Wakitukatalia, hatuwezi kujenga mtandao wetu?

Inawezekana, ila si kazi ya Jumamosi mbili. Kondoa, mkoani Dodoma, upo mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi kufikisha intaneti. Kibera, Nairobi, upo wa shirika la Tunapanda unaounganisha shule na vituo vya vijana, na Kenya imeshatengeneza utaratibu wa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Kote huko kazi ngumu haikuwa antena. Ni nani atapanda mlingoti mvua ikinyesha, nani atakusanya michango mwezi wa nne shauku ikishapoa, na nani atalipa umeme.

Kuhusu dishi za intaneti ya setilaiti, zile za Starlink, ambazo Rwanda na Kenya zimekuwa nazo tangu 2023: kifaa chochote cha namna hiyo hapa nchini kinahitaji kibali cha TCRA. Tafadhali msituombe tuwaletee kwa njia za panya.

Nimejibu, halafu nikakumbuka nimesema vibaya. Narekebishaje?

Una karatasi ndogo uliyoachiwa yenye namba ya kaya. Ipeleke ofisi ya mtaa, jibu litabadilishwa kabla ya kuanza kuchambua. Ukiipoteza itakuwa vigumu, kwa sababu jina lako hatunalo.

Mnaanza lini kuchimba?

Hatuchimbi. Tunauliza. Mwenye jembe ni kampuni, na mwenye barabara ni TARURA.